Vidole vya Mchumaji

Nilikuwa nikimenya ndizi za jioni, mikono imejaa utomvu, Breki wa bodaboda alipozima pikipiki mbele ya benchi. Benchi liko kando ya meza yangu ya kahawa hapa Laare, na wanaolikalia ni walewale: Profesa, mwalimu aliyestaafu, na Diwani, ambaye hajawahi kushinda uchaguzi wowote. Breki hakuomba kahawa. Nikajua ni habari za mume wangu, Mwendwa, mchumaji wa miraa. Tangu Januari amekuwa akienda Nairobi kila wiki kufundishwa, yeye na mwalimu wake peke yao, kuteleza kwenye barafu. Wakala alimwambia kuna kazi Uarabuni, kwenye uwanja wa barafu ndani ya duka kubwa, kushika watoto wasianguke. Usaili ni Ijumaa.

Breki: Mama Kendi, weka kisu chini kwanza.

Mimi: Sema. Kisu hakinizuii kusikia.

Breki: Baba Kendi alianguka jana huko kwa barafu. Mguu umevunjika, hapa juu ya kifundo. Amefungwa plasta. Anakuja na gari la miraa, si huwa linarudi tupu.

Diwani: Woi! Mtu amepanda miti ya miraa maisha yake yote bila kuanguka, anakuja kuanguka kwa sakafu?

Profesa: Hiyo si sakafu. Ni barafu ya mashine. Chini kuna waya za stima. Chuma cha kiatu kikipita juu, kinavutwa.

Breki: Wacha hizo, mwalimu. Watoto wa matajiri wanacheza hapo kila siku.

Diwani: Basi ni wakala. Kazi ni moja, watu ni wengi. Alimwaga sabuni.

Profesa: Sabuni kwa barafu, Diwani?

Diwani: Na huyo mwalimu analipwa na Waarabu! Wanataka mifupa migumu. Wewe ukivunjika hapa, wao wamejua mapema.

Breki: Mimi nilimwambia, mzee, kwa umri wako kaa tu chini. Akaniuliza kama nimemsahau Mithika.

Mithika alikuwa kaka yake Mwendwa. Aliteleza kwenye mti wetu wa miraa mwaka juzi, mvua ikinyesha, tukamzika. Ndipo Mwendwa akaanza kutafuta kazi isiyo ya kupanda juu.

Mimi: Ni vidole.

Diwani: Vidole gani?

Mimi: Mchumaji akiogopa hukunja vidole vya miguu ashike tawi. Kwenye kile kiatu, ukivikunja unaenda mbele, meno ya chuma yanauma barafu, unalala. Mwalimu alimwambia kila wiki: legeza vidole.

Profesa: Sasa si angelegeza tu?

Mimi: Wewe acha macho wazi nikikurushia mchanga.

Mnunuzi mmoja wa miraa kutoka Embu, Gachoki, alikuwa amesimama akingoja kikombe chake. Alikuwa mgeni, hakujua yaliyompata Mithika.

Gachoki: Samahani, mama. Hiyo miti yenu sasa itapandwa na nani?

Profesa akachungulia kikombe chake. Diwani akafunga koti. Breki anajua pikipiki tu. Na huku kwetu mwanamke hapandi mti wa miraa. Nilimmiminia Gachoki kahawa iliyobaki, ilikuwa na machicha, nikarudi kwenye ndizi.

Jioni walimshusha Mwendwa, wakambeba hadi kwenye kochi. Nikapakua ndizi na maharagwe. Kendi, wadogo zake wawili, baba yao, mimi. Sahani tano, hakuna aliyekosekana. Tangu Januari nilikuwa nikiomba tuwe wanne, yeye awe Uarabuni kazini.

Vidole vyake vilichomoza kwenye plasta, vimejikunja.

“Vilegeze,” nikamwambia.

“Nimevilegeza,” akasema.