Perpetua Wambui na Gari la Gesi Lililofika Hounslow

Tumekusanyika leo, Ijumaa tarehe 14 Novemba 2008, kumsindikiza dada yetu Perpetua Wambui Gachanja, mke wa Balwinder Singh na mama yake Jasvir. Mimi ni Nyokabi, mdogo wake anayemfuata, na familia imeniomba niwasomee habari za maisha yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1944 huko Subukia, karibu na Nakuru, akiwa kifungua mimba wa Mzee Gachanja na Mama Njeri. Baba alikuwa dereva wa trekta katika shamba la mlowezi. Mama alitusimulia kwamba trekta lilipokataa kuwaka asubuhi, Baba alitukana na Wambui akalia, na lilipowaka wote wawili walicheka.

Alisoma shule ya msingi Subukia, kisha shule ya wasichana ya misheni. Mwaka 1963 alianza mafunzo ya uuguzi mjini Nakuru na kufuzu mwaka 1966. Alikuja London mwezi Septemba 1970 na kufanya kazi katika wodi za hospitali moja ya Tooting. Kuanzia mwaka 1979 hadi alipostaafu alikuwa muuguzi wa kuwatembelea wagonjwa majumbani, Thornton Heath na mitaa ya jirani. Kuna wazee ambao hakuna aliyebisha hodi kwao wiki nzima isipokuwa yeye.

Balwinder, fundi wa injini, alimkuta dukani Tooting mwaka 1974 akiulizia unga wa ugali. Alimjibu kwa Kiswahili, na kumbe naye ni mzaliwa wa Nakuru. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 17 Julai 1976, mbele ya msajili mjini Croydon. Baba yetu alinuna mwaka mmoja, kisha akatuma baraka zake. Mama mkwe, Mama Surjit Kaur wa Hounslow, hakuhudhuria. Kwa zaidi ya miaka ishirini hakukanyaga nyumba yao wala kulitaja jina la Wambui. Balwinder alienda Hounslow peke yake kila Jumapili, na Wambui hakumzuia hata siku moja. Alimfungia chapati za kumpelekea mama. Hatukujua kama ziliwahi kuliwa.

Mwaka 1984 wawili hawa walinunua gari la kujiundia, yaani gari linalouzwa vipande vipande ukalifunga mwenyewe nyumbani. Bodi ilikuwa ya faiba, na injini kubwa ya silinda nane ilitoka kwenye gari kuukuu. Waliliunda kwa miaka mitatu katika gereji nyuma ya nyumba. Lilikuwa jekundu, chini chini kama sahani, na lilikunywa petroli bila aibu. Petroli ilipozidi kupanda bei, Balwinder alitaka kuliuza. Wambui alikataa. Kwanza walisafisha kabureta, wakarekebisha plagi ziwashe moto kwa wakati wake, wakajaza matairi upepo sawasawa na kutoa kila kitu kizito kisichohitajika. Nafuu ikaja, lakini haikutosha. Ndipo Wambui akaamua litumie gesi, iliyokuwa ya bei nafuu kuliko petroli.

Mafundi wa gesi walimkataa mmoja baada ya mwingine, kwa sababu bodi ya faiba haiwezi kushikilia tangi zito. Balwinder alichomelea fremu ya chuma na kuifunga kwenye chasisi yenyewe, na mwaka 1997 fundi mmoja wa Mitcham akakubali, akafunga tangi, akalipima na kulipitisha. Mimi, niliyekuwa nimemfuata London, niliapa kwamba sitalipanda gari hilo.

"Dada," nikamwambia, "utaketije mbele ya bomu?"

"Nyokabi, kule nyumbani ulipika miaka mingapi kando ya mtungi wa gesi? Uliwahi kukimbia?"

Tulicheka, lakini nilibaki na hofu yangu.

Kisha ikaja Septemba 2000, waandamanaji waliopinga bei ya mafuta walipoziba maghala ya mafuta na vituo vya petroli vikakauka nchi nzima. Wakati huo Mama Surjit alikuwa akisafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki. Jirani aliyekuwa akimpeleka hospitali aliishiwa petroli, na teksi hazikupatikana. Jumatano, tarehe 13, asubuhi, simu ililia nyumbani kwao Thornton Heath. Balwinder alikuwa kazini. Mimi nilikuwepo, nikinywa chai. Kipunjabi cha Wambui kilikuwa kidogo na Kiingereza cha Mama Surjit kidogo zaidi, kwa hiyo walizungumza Kiswahili, lugha waliyoizoea wote Nakuru.

"Nani hapo?"

"Ni mimi, Mama. Wambui."

Dada yangu alisogeza simu ili nami nisikie.

"Gari yako iko na petroli?"

"Petroli haipo, Mama. Ina gesi."

"Gesi itafika hospitali?"

"Itafika na kurudi. Vaa koti, Mama, nakuja."

Petroli iliyobaki ilitosha tu kuwasha injini. Ilipopata joto alibonyeza swichi, gesi ikashika, akaondoka. Barabara zilikuwa tupu kama siku ya Krismasi. Baadaye alinieleza kwamba Mama Surjit hakuweza kuinama kuingia, ikabidi amkumbatie na kumshusha kitini polepole kama mtoto. Hiyo ndiyo mara yao ya kwanza kugusana. Walipotoka hospitali jioni, Mama Surjit, akiwa amechoka sana, aliuliza, "Nyumba yenu iko mbali?" Balwinder alirudi kutoka kazini akamkuta mama yake ameketi jikoni, anakula chapati na kulalamika kwamba chumvi ni kidogo. Alitoka nje akalia kwa furaha.

Petroli ilirudi baada ya siku chache. Jirani naye alirudi, lakini Mama Surjit alimwambia asante, ana mkwe wake. Alipofariki mwaka 2004, ni Wambui aliyemwosha, kwa kuwa mwenyewe aliomba hivyo.

Mwezi Mei mwaka jana madaktari walimkuta marehemu na saratani ya kongosho. Miezi ya katikati ilikuwa migumu, hatutaficha. Lakini wiki za mwisho dawa zilimtuliza, akalala, akaongea, akaomba uji. Aliaga dunia nyumbani kwake Jumapili asubuhi, tarehe 2 Novemba, Balwinder na Jasvir wakiwa kando yake. Tunalia, na pia tunashukuru kwamba haumii tena.

Ameacha mume, Balwinder, binti, Jasvir Njeri, wajukuu wawili, mimi mdogo wake, na mashemeji watatu wa Hounslow pamoja na watoto wao. Mashemeji hao ndio waliobeba jeneza leo. Kabla hawajaliinua, mkubwa wao aliniuliza kama kwa mila zetu inafaa.

"Kwa mila zetu," nikamjibu, "ndugu humbeba dada yao."

"Basi inafaa," akasema.

Pumzika sasa kwa amani ya Mungu, Wambui. Huku nyuma tuko pamoja.