Mtandao Unaokatika Saa Nane

Kwenye kiti cha mbele yangu ndani ya basi alikaa sekretari wa ofisi ya wapima viwanja, na kando yake fundi wa mitandao, mkoba wa nyaya mapajani. Hawakuwa wakijuana.

"Waifai yetu inakatika kila siku saa nane mchana," dada alimweleza. "Bosi amesema ikikatika tena leo, nitafute kazi kwingine."

"Saa nane hiyo kunatokea nini, dada yangu?"

"Hakuna kitu. Bosi anasinzia kidogo kitini. Taa za kile kisanduku cha waifai zinamsumbua macho, basi nakifungia kwenye kabati la chuma mpaka aamke."

Fundi hakucheka, Mungu ambariki. Mimi ndiye niliyejifanya nakohoa.

"Dada, chuma kinazuia mawimbi. Kisanduku kiache nje, mfunike bosi."

"Nimfunike bosi? Kamwambie wewe, kaka. Mwenyewe anasema hajawahi kulala kazini hata siku moja."

"Mimi ni wa nyaya tu. Mambo ya wakubwa siyawezi."

Basi likasimama, dada akashuka kinyonge. Fundi alikuwa amelipa nauli ya kituo cha mwisho. Akashusha pumzi, akabeba mkoba wake, akamfuata.