Kijiko Kisicho na Mpini

Alasiri hiyo walikuwapo watu wanne kwenye benchi la karakana ya baiskeli. Alikuwapo Fundi Pancha, mwenye karakana, aliyelipigilia benchi lenyewe kwa mbao za kreti. Alikuwapo Kinyozi, ambaye siku nzima hukata maneno mengi kuliko nywele. Alikuwapo Mama Kahawa, birika likiwa juu ya jiko la mkaa na vikombe vikiwa ndani ya ndoo. Na alikuwapo Karani, mstaafu wa masjala ya mahakama, aliyelaza mwavuli wake kwenye nafasi tupu kando yake, asije mtu akaikalia. Fundi Saa hakuwapo. Kilichokuwapo ni kijiko chake, kimening'inia msumarini juu ya vichwa vyao.

Benchi hilo lilikuwa na sheria moja, na aliyeitunga ni Karani: anayedai jambo asiloweza kulithibitisha hunywa kahawa yake amesimama, mpaka alete ushahidi. Fundi Saa alikuwa amedai kwamba samaki wa bwawani anaweza kunaswa kwa takataka za mezani pake. Akasimamishwa. Alisimama siku kumi na moja, na ule mguu wake mbovu, huku akichonga na kutoboa nyumbani kwake. Siku ya kumi na mbili alileta vijiko viwili visivyo na mipini. Kimoja akakitundika pale wakitazame, cha pili akaenda nacho bwawani. Hii ilikuwa siku ya sita hawajamwona.

— Mtu mzima anakwenda kuvua kwa kijiko, alisema Kinyozi. Kesho atakwenda kulima kwa uma.

— Hicho si kijiko, alisema Karani. Kilikuwa kijiko. Kimekatwa mpini, kimetobolewa ncha zote mbili, kimetiwa pete ya funguo na ndoana. Sasa kinaitwa chambo bandia. Ukitaka kuidharau kazi ya mtu, idharau kwa jina lake.

— Haya, mzee wangu, chambo bandia. Mama, samaki mwenye akili zake akikiona hicho atafanya nini?

— Atauliza sahani iko wapi, alisema Mama Kahawa.

Wakacheka. Fundi Pancha akainuka, akakigusa kwa kidole chenye grisi.

— Huu mkia mwekundu ni kandambili. Kakata ukanda wa kandambili ya watu. Na hili bomba ni la kalamu, ndani katia gololi. Eti zikigongana samaki anasikia njaa.

— Gololi umempa wewe, alisema Kinyozi.

— Sijampa. Aliziokota chini.

— Chini ya mkono wako.

— Sikiliza wewe, nywele zako zinakungoja dukani. Mimi nasema hivi: samaki wa bwawa lile ni wazee. Walikuwa mtoni kabla ukuta haujajengwa, wahandisi wote waliwaona. Wana mlinzi. Akiona kitu kinang'aa anapiga mkia mara tatu, ukoo mzima unazama.

— Tena anaandika kwenye kitabu cha zamu, alisema Mama Kahawa.

— Mlinzi wa nini, alisema Kinyozi. Tatizo ni kioo. Mimi nimesimama nyuma ya kioo miaka ishirini, najua kiumbe anavyokuwa akijiona. Samaki atakuja kwenye hicho kijiko, samahani Karani, chambo, atajitazama. Atajiona kichwa kikubwa, macho yamemtoka. Huyo hali tena wiki nzima. Fundi Saa hajavua samaki, kawapa ugonjwa wa moyo.

— Basi ndiyo maana hajarudi, alisema Mama Kahawa. Anawauguza.

— Hapana, alisema Kinyozi. Sasa hivi wamekaa huko chini, wamekizunguka, wanabishana ni nani alikuwa anakunywa supu akakiangusha. Mmoja anasema ni kitu cha vita. Mmoja anasema ni cha hospitali.

— Na kahawa wanayo, alisema Fundi Pancha.

— Na mmoja wao amesimama, alisema Mama Kahawa.

Hapo kicheko kilikatika. Mama Kahawa alisuza kikombe ambacho kilikuwa safi tayari.

— Karani, mtumie Fundi Saa salamu, arudi akae. Bwawani baridi, na mguu ule.

— Arudi na samaki. Sheria haitazami miguu.

Alilisema kwa sauti yake ya masjala, na wenzake wakaridhika. Hawakujua kwamba siku tano mfululizo alikuwa amefika kabla yao, akakitungua kile chambo na kukigeuza kwenye mwanga. Aliona kingo za matundu zimelainishwa kwa tupa ya saa ili zisiukate mshipi. Katika miaka thelathini na minne alikuwa ameorodhesha vielelezo vingi vya mahakama, na vichache vilikuwa nadhifu namna ile. Mkono uliolainisha tundu ambalo hakuna atakayeliona haukuwa wa mropokaji. Alikuwa ameazimia kwamba Fundi Saa akirudi, awe na samaki au asiwe naye, mwavuli ungeondoka, naye akae. Ila kulitamka hilo mbele ya Kinyozi kulimshinda.

Mwanamke wa makamo akaja kutoka upande wa stendi na kikapu kilichofunikwa gazeti. Hawakumfahamu.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Mimi ni binti wa Fundi Saa. Karani ni nani?

— Ni mimi.

Akafunua gazeti. Ndani mlikuwa na samaki mzima, aliyekaushwa kwa moshi, mrefu kama mkono wa mtu. Kijiko kilikuwa bado kinywani mwake, kimeingia weusi wa masizi.

— Baba alisema kisitolewe mpaka ukione. Uangalie ndoana ilipoingia, la sivyo utasema tumemnunua sokoni.

Karani akavaa miwani, akainama, akatazama kwa muda mrefu. Ndoana ilikuwa imeshika kwenye pembe ya mdomo, barabara.

— Ushahidi umetosha, alisema. Mwambie aje akae.

Mwanamke alilitazama benchi, kutoka mwisho mmoja hadi wa pili.

— Alisema nimweke samaki mahali pake. Baba alikuwa anakaa wapi?

Kinyozi alitazama vidole vya miguu yake. Fundi Pancha alichukua spana, akairudisha. Karani aliondoa mwavuli, akaupakata.

— Mwenyewe yuko wapi, mwanangu? aliuliza Mama Kahawa.

Mwanamke alimlaza samaki pale mwavuli ulipokuwa, akakunja gazeti.

— Alirudi juzi na homa. Amefariki leo, saa tano asubuhi.