Dionizi Rwekaza na Flashi ya Ukumbini

Baba Paroko, wazee wetu, majirani wa Kimwani na ninyi mliokuja asubuhi hii kutoka Bukoba mjini, naitwa Edvina, mdogo wake marehemu, na ukoo umenipa kazi ya kuwasomea maisha yake kama alivyoyasimulia mwenyewe akiwa kitandani.

Marehemu Dionizi Rwekaza alizaliwa tarehe 9 Agosti 1974 hapa Kimwani, wilayani Muleba, katika kibanja hiki ambamo tutamzika leo, akasoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1982 hadi 1988, kisha sekondari mjini Bukoba hadi kidato cha nne mwaka 1992, na alipokosa nafasi ya kuendelea alirudi kuchuma kahawa na baba yetu kwa miaka miwili.

Mwaka 1994 alihamia Kashai, Bukoba mjini, akajifunza upigaji picha kwa mzee Kagaruki, ambaye ametangulia mbele za haki, akaanza na picha za pasipoti, za komunyo ya kwanza na za harusi, na tarehe 21 Juni 2003 alifunga ndoa na Theopista, wakaanza maisha Kibeta, wakajaliwa watoto wawili, Evelyne aliyezaliwa mwaka 2005 na Rwegasira aliyezaliwa mwaka 2009.

Ni katika miaka hiyo alipoipenda kazi iliyomjulisha kwa watu, ya kupiga picha mashindano ya dansi za ukumbini, pale mwanamume na mwanamke wanaposhikana na kucheza walzi, tango na rumba mbele ya majaji. Kumbi hazikujengwa kwa ajili ya kamera, taa zake za mrija huwapa watu rangi ya wagonjwa, na siku ya mashindano mapazia hufungwa, zikawashwa taa nyekundu na za bluu, hivyo mchezaji anayezunguka hutokea kwenye picha kama moshi, na mwaka mzima wa 2011 wateja walimrudishia picha kwa sababu hiyo, jambo lililomuumiza kuliko alivyoonyesha.

Ndugu waombolezaji, sehemu inayofuata wengine katika familia walitaka iachwe. Marehemu aliniambia, "Edvina, ukiiruka hiyo, basi usisome kabisa," na wifi yangu Theopista akasema isomwe.

Jumamosi tarehe 17 Desemba 2011, saa kumi alasiri, kwenye fainali katika ukumbi mmoja wa Bukoba, kijana Twaibu wa Kashai alikuwa akicheza walzi na mwenzake Maimuna, wakiwa wanaongoza kwa alama. Waandaaji walikuwa wamekataza flashi karibu na jukwaa, na kaka yangu alilijua hilo, lakini alitaka picha moja tu isiyo na ukungu, akasogea hadi chini ya jukwaa, akaiweka flashi kwenye nguvu yake yote, akaifyatua wakati Twaibu anageuka, hatua mbili kutoka ukingoni. Mwanga ulimwingia kijana machoni, akafumba, akarudi nyuma, mguu haukukuta kitu, akaanguka na kugonga kichwa kwenye ngazi ya saruji, na baada ya siku mbili, tarehe 19 Desemba, alifariki.

Waliokuwa ukumbini waliona taa nyingi zikiwaka kwa pamoja, hakuna aliyejua kwamba mojawapo ilikuwa flashi, na kabla ya arobaini kwisha maneno yalikuwa yameenea mjini kwamba Twaibu alipanda jukwaani akiwa amelewa, kijana wa nyumba ya Kiislamu ambaye hakuwahi kuonja pombe. Maimuna alijaribu kumtetea, hakusikilizwa, akahamia Mwanza. Kaka yangu alikuwa na picha inayoonyesha macho yaliyofumbwa na uso mweupe kwa mwanga, akaifungia kabatini, akanyamaza.

Flashi hakuishika tena. Alikuwa akienda ukumbini siku moja kabla, akiomba taa mbili nyeupe zifungwe pembeni, akiifungua lenzi mpaka mwisho ili iingize mwanga zaidi na kungoja ile nukta ambapo wachezaji hutulia kabla ya kugeuka, na kwa njia hiyo picha zake zikawa nzuri kuliko za mtu yeyote mkoani, akasifiwa, na kila aliposifiwa alirudi nyumbani bila hamu ya chakula, mkewe asijue kwa nini.

Mwaka 2018 alimweleza Theopista, na Jumapili tarehe 4 Machi alikwenda na picha ile kwa mama mzazi wa Twaibu, Bi Sada, akamweleza yote na kumwomba msamaha akiwa amesimama mlangoni. Bi Sada aliitazama picha, kisha akasema, "Miaka sita naambiwa mwanangu alikufa mlevi. Wewe ulikuwa wapi, baba?"

Bi Sada alimtaka akaseme ukweli pale waliposema wengine, naye alikwenda polisi kuandika maelezo, wakayapokea na kumwambia ilikuwa ajali, kisha kwenye mashindano yaliyofuata akasimama mbele ya ukumbi mzima akasema kwamba ni flashi yake iliyomwangusha Twaibu. Tangu siku hiyo hakuna mwandaaji aliyemwita, akarudi kwenye picha za pasipoti. Bi Sada hakumwambia kamwe kwamba amemsamehe, wala yeye hakumwomba mara ya pili.

Mwezi Agosti 2024 aligundulika kuwa na saratani ya tumbo, akatibiwa Bukoba na Mwanza, akarudishwa nyumbani Kibeta, na Jumanne tarehe 11 Novemba 2025, saa tatu asubuhi, alifariki akiwa na miaka hamsini na mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Kibeta waliompikia uji alipokuwa hawezi kumeza kitu kingine, wapiga picha wenzake waliobeba jeneza, na Bi Sada, ambaye ametoka Kashai alfajiri bila kualikwa na mtu, ameketi pale na akina mama, hatujamwomba aseme lolote, tunamshukuru kwa kuketi.

Kaka Dionizi, pumzika kwa amani.