Mkono wa Mama wa Nafaka

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Makumbusho, Ndugu Mkurugenzi, bosi wangu mwenye subira, wahifadhi wenzangu, mafundi, walinzi na wakata tiketi, ndugu wageni waalikwa, na wewe Shangazi, ambaye tulikuwekea kiti cha mbele chenye mto na bado umekwenda kukaa nyuma kabisa karibu na ndoo zako: nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimepewa dakika kumi za kumuaga Shangazi, mfuta vumbi wa Ukumbi huu wa Miungu kwa miaka thelathini na mmoja. Mkurugenzi amenionya nisizidishe, maana ananijua. Nitajitahidi, lakini leo nina mzigo wa kuutua, na mzigo wa siku nyingi hautuliwi kwa pupa.

Kwanza geuzeni shingo kidogo, muone mmekaa na nani. Nyuma ya Mwenyekiti yuko bwana mwenye kichwa cha mbweha, aliyewapokea wafu na kusimamia mizani ya mioyo yao. Kulia kwenu ni yule wa nyundo na radi. Pale dirishani yuko mama wa mikono minane, silaha kila mkono, na uso umetulia kama wa mtu anayesikiliza mvua ikinyesha juu ya bati. Na huyu aliyeinamisha kichwa alimtafuta binti yake mpaka ardhi ikagoma kuotesha. Wengine kati yao wana waumini hadi leo, na huenda baadhi ya waumini hao tumekaa nao humu.

Je, mmewahi kujiuliza ni vilio vingapi vimepita mbele ya mawe haya? Nimesoma lugha nne za watu walioyachonga. Nilitarajia kukuta siri kubwa. Kila dua niliyoifasiri ilikuwa ni ileile: mvua inyeshe, mtoto apone, aliyesafiri arudi. Watu waliotenganishwa na bahari na maelfu ya miaka, wasiojuana hata kwa uvumi, walinyoosha mikono na kusema jambo moja. Nikiwaza hayo nywele zinanisimama, na sioni aibu kuwaambia.

Shangazi alilijua hilo kabla yangu, wala hakwenda chuo chochote kulitafuta. Walinzi ni mashahidi: kila asubuhi hupiga hodi mlangoni kabla ya kuwasha taa. Kisha huanza kufuta miguu ya sanamu, akapanda magoti, kiuno, mabega. Uso huwa wa mwisho. Nilipokuwa mgeni hapa nilimcheka. Nikamuuliza, "Shangazi, kwani unayaabudu?"

Akanijibu bila kuacha kazi. "Mimi Mungu wangu ninamjua, na ninamwomba nyumbani kwangu. Hawa ni wapendwa wa watu wengine. Mtu akikuachia mpendwa wake umtunze, mwanangu, utamkung'uta kama jamvi?"

Nikarudi ofisini kwangu. Ingekuwa heri kama ningelishika jibu lile.

Ndugu wageni waalikwa, miaka kumi na tisa iliyopita tulipokea sanduku moja lenye sanamu mbili, moja ya kike na moja ya kiume, zote nyeusi kwa moshi wa taa za mafuta wa karne nyingi. Njiani zilikuwa zimevunjika. Mikono miwili ilikuwa imelala kwenye majani makavu: mmoja umeshika upanga, wa pili umeshika fungu la nafaka. Mhifadhi mwenye busara angengoja jiwe lipimwe. Mimi nilikuwa na haraka ya ujana na chupa ya gundi. Upanga nikampa mama. Nafaka nikampa bwana mwenye meno nje na mshipa umemtoka shingoni, nikaandika kwenye kibao kwamba huyu ni mungu wa mavuno. Watu walipouliza mbona amekasirika hivyo, nilieleza kwamba kilimo cha zamani kilikuwa kigumu.

Mnacheka. Kitabu changu kuhusu mama mwenye upanga hakikumchekesha mtu. Kilinipa cheo ninachoshikilia leo. Mheshimiwa Mwenyekiti, najua kipo mezani kwako, na picha yake ipo kwenye jalada. Bodi inalisikia hili kutoka kwangu kwa mara ya kwanza: picha ile ni kosa langu.

Wiki moja baada ya sanamu kusimamishwa, Shangazi aligonga mlango wa ofisi yangu. Akasema, "Mwanangu, yule mama mmempa mkono wa mtu mwingine."

"Umejuaje?"

"Mwili wake asubuhi ni wa baridi, na baridi yake haiondoki upesi. Ule mkono nikiugusa kidogo tu unashika joto langu. Si jiwe moja."

Nilimwambia nini? Naomba mnisikilize vizuri, maana sitaki kurudia. Nilimwambia, "Shangazi, yako vumbi, yangu miungu." Na kwa kuwa alikuwa amekiri kwamba aliivua glavu akagusa jiwe kwa mkono mtupu, nikamwandikia barua ya onyo. Miaka miwili baadaye ilitokea nafasi ya mafunzo ya uhifadhi msaidizi. Aliomba. Faili lake likafunguliwa, barua yangu ikaonekana juu, nafasi akapewa mwingine. Hakuwahi kunisimanga kwa hilo. Ila kila mwaka, siku ya usafi mkubwa, alipita mlangoni kwangu na ndoo yake akasema neno moja tu, "Bado." Kisha akaenda zake. Nami kila mwaka nilijifanya sikusikia.

Mwezi uliopita nilimuuliza anataka zawadi gani ya kuagwa. Nilidhani atataja kitenge au redio. Akasema, "Njoo kesho mapema, kabla jua halijafika dirishani. Uvue saa yako."

Nilikwenda. Akanifumbisha macho kama mtoto, akanishika viganja, kimoja akakiweka begani kwa mama, cha pili kwenye ule mkono wa upanga. Ndugu zangu, hata asiyejua kusoma angesoma. Bega lilibaki baridi. Mkono ulishika joto. Kisha akaniongoza kwa yule bwana wa meno, akaviweka vidole vyangu juu ya vidole vilivyoshika nafaka, akasema, "Papasa."

Havikuwa na kucha. Mchongaji aliyezitia kucha hata kwenye miguu ya mama hakuweza kusahau za mkono. Zilikuwa zimelika. Watu walikuwa wamevigusa vidole vile, kizazi baada ya kizazi, wakiomba chakula cha watoto wao, mpaka jiwe lenyewe likaisha kidogokidogo kwa kuguswa. Na mimi nilikuwa nimewaambia watoto wa shule kwamba mkono ule ulikuwa wa bwana aliyekasirishwa na kilimo. Nilisimama pale nikalia, na Shangazi akanipa kitambaa chake cha vumbi, kwa kuwa ndicho alichokuwa nacho.

Fundi wetu wa mawe alitumia siku tisa kuibandua ile mikono miwili. Alipousogeza ule wa nafaka begani kwa mama, uliingia wenyewe, bila gundi, kwa mlio mdogo kama kufuli linalopata ufunguo wake.

Ndiyo maana leo sanamu hii mbele yenu imefunikwa kitambaa cheupe. Afisa utumishi yuko hapa na lile faili. Barua ya onyo imetolewa, na mahali pake nimeandika nyingine, yenye mistari mitatu: kwamba mfuta vumbi alisema kweli, kwamba mhifadhi mkuu alimnyamazisha, kwamba mhifadhi mkuu anaomba radhi mbele ya watu. Cheo changu nakiacha mikononi mwa Bodi. Na kibao kipya, ambacho kwa kawaida yetu hutaja aliyevumbua, nilitaka kiwe na jina lake kamili. Alikataa. Alisema, "Jina langu analo aliyeniumba. Andika mfuta vumbi." Ndivyo kilivyoandikwa.

Shangazi, nakuomba upite mbele uifunue sanamu.

Anatikisa kichwa. Walio mbele hamkusikia alivyosema, nitawaeleza. Anasema niifunue mwenyewe, ila nianze na miguu.

Basi mniwie radhi, waheshimiwa. Huko chini hakufikiki kwa mtu aliyesimama, inanibidi nipige magoti. Nyinyi nawashukuru kwa masikio yenu. Wewe, Shangazi, nakushukuru kwa kunisubiri.

Hodi, mama.