Vidole Vinne vya Asnath Alute

Asnath Alute, muuguzi wa chumba cha upasuaji, alifumukwa na mshono wa ndani wa tumbo lake tarehe 14 Februari 1996, saa nne na robo asubuhi, akiwa kazini. Anastaafu Jumatano ijayo, tarehe 30 Juni 1999, baada ya miaka thelathini na mitatu. Barua ya utawala ya kumuaga imetaja miaka na kitenge cha zawadi. Mshono haumo.

Aliingia hospitalini hapa mwaka 1966 akitokea Unyambwa, mfagiaji wa wodi. Alisoma huku akifagia, na kufikia 1974 alikuwa anasimama mezani na daktari. Hapo ndipo tulipojifunza kumwogopa. Kabla tumbo la mgonjwa halijafungwa, Asnath huhesabu vitambaa vya kufutia damu kwa sauti, na wote hunyamaza. Daktari mmoja mgeni aliwahi kupachika stori yake hesabu ikiwa imefika thelathini na moja. Asnath alirudi kwenye moja. Na mwanafunzi akithubutu kusema nadhani vimetimia, humjibu, "Kudhani kapeleke sokoni, mwanangu. Hapa nataka namba."

Alizaa pacha mara mbili. Misuli ya tumbo iliachana katikati, ngozi ikalegea, akawa haiinui ndoo bila kushika kiuno. Januari 1996 daktari bingwa anayetujia kwa ndege alimkaza misuli na kuondoa ngozi iliyozidi. Wapo waliosema Mama Pacha anatafuta usichana. Aliwajibu kuwa usichana wauchukue wao, yeye anataka mgongo.

Kosa lilianzia kwenye makaratasi. Mtumishi akilazwa hospitalini kwetu anakuwa na mafaili mawili. Faili la mgonjwa lilisema asinyanyue kitu kwa wiki kumi na mbili. Faili la mtumishi lilisema likizo ya siku ishirini na nane. Utawala ulifungua la pili tu, ukamwita.

Mwaka uliotangulia, katika kupunguza wafanyakazi, wabeba machela sita walibaki wawili. Siku ile mmoja alikuwa amefiwa, mwingine ametumwa dizeli. Mzee mmoja wa Kinyangiri, kilo themanini na moja, alihamishwa kutoka kwenye machela hadi meza ya upasuaji na watu watatu. Asnath alishika kichwani. Mimi, mtakasa vyombo, nilishika miguuni, nikaona uso wake ukibadilika. Alisimama saa mbili nzima, akahesabu vitambaa arobaini, vikatimia arobaini, ndipo akaketi.

Tangu hapo, akilala chali na kuinua kichwa, vidole vinne vinaingia katikati ya misuli. Aprili mwaka huu daktari yule yule alimpima, akamweleza njia tatu bila kumficha. Mkanda na mazoezi vitapunguza maumivu ya mgongo, lakini pengo halitafungwa. Kushona upya kupitia kovu la zamani, kwa uzi usioyeyuka, kunawezekana, ila nyama imekuwa nyembamba na inaweza kuachia tena. Kushona na kuweka wavu wa kuimarisha ndiyo njia imara zaidi kwake, ingawa wavu ukiingiwa na vijidudu huenda ukalazimika kutolewa. Zote mbili za kisu zinataka miezi mitatu bila kunyanyua kitu. Asnath amechagua wavu. Miezi mitatu anayo. Safari hii hakuna wa kumwita kazini.

Daktari anatua Jumatatu tarehe 28 na harudi tena mwaka huu. Kuanzia Julai mosi Asnath hatakuwa mtumishi, na orodha ya upasuaji wa watumishi haitampokea. Amemwandikia Katibu wa Hospitali, Ndugu Naftali, mara mbili, akiomba awekwe kwenye orodha ya Jumatatu hiyo. Mara mbili amejibiwa: tutaliangalia.

Dada Asnath, asante kwa kila tumbo ulilokataa lifungwe kwa kukisia. Tunakuombea uiname kwenye alizeti zako Unyambwa, na uinuke bila kushika kiuno.

Ndugu Katibu, tunataka ndiyo au hapana, kwa maandishi, kwenye ubao wa chumba cha upasuaji, kabla ya saa mbili asubuhi Jumatatu. Tutaliangalia si namba.

Filipo Gerald
Chumba cha kutakasia vyombo