Semeni Aliyekataa Kufungwa Mtumbwini

Wasikilizaji wapendwa, habari za huko mliko. Kama wali uko jikoni, palieni makaa, sogeeni. Leo tunamkumbuka Semeni binti Twalibu wa Salale, aliyetutoka mwezi uliopita akiwa na miaka hamsini na mbili.

Mama huyu hakujua kutulia. Wenzake wanasema hata kivuli chake kilichoka kumfuata, kikawa kinamsubiri nyumbani. Tunaapa hatujaongeza chumvi. Labda kidogo.

Semeni alikuwa na kifafa. Tunarudia: kifafa. Kwenu bara mgonjwa huanguka chini. Huku kwetu deltani, mto unapomwagika baharini, chini ni maji. Kwa hiyo kila alipotaka kuvuka kwenda shambani kwake, mdogo wake Bwanaheri alimfunga kanga kiunoni, ncha nyingine akaifunga kwenye ubao wa mtumbwi.

"Ebo! Mie mbuzi wa Idi?"

"Mbuzi ana afadhali, dada. Mbuzi hatukani."

Miaka kumi na moja alivushwa hivyo. Akifika, haruhusiwi kupanda dungu, kile kibanda cha juu ya miti cha kuamia ndege, kuwafukuza kwa kelele. Anakaa chini, miguu inamwasha, ndege wanakula mpunga wake. Semeni alitaka kitu kimoja tu: avuke peke yake, apande dungu lake.

Dawa zilishindwa. Hospitali moja ya Dar es Salaam ikamwingiza kwenye utafiti. Wakampandikizia kifaa kidogo cha kusisimua ubongo kwa umeme, pale pale kifafa kinapoanzia. Mwaka mzima akaendelea kuanguka.

Ndipo akaja Daktari Faudhia, binti wa Ikwiriri. Alichora ramani ya ubongo wa Semeni: vituo, na njia zinazoviunganisha. Kompyuta ikajaribu kusukuma kituo hiki, ikajaribu kile, kwenye ramani tu, kabla ya mtu kugusa kichwa. Ilitafuta jambo moja: tukisukuma kidogo wapi, mtandao mzima utarudi shwari?

Jibu likatoka mbali na pale kifafa kinapoanzia. Semeni akacheka mpaka manesi wakaja.

"Mwanangu, hilo kosa letu sie! Mwaka ule maji ya chumvi yalitokeza katikati ya mpunga, nami nikaziba katikati ya mpunga, tope mpaka kiunoni. Kumbe yanaingilia kijito cha nyuma! Nilipoziba kule, shamba zima likapona."

"Ndivyo, mama. Lakini kituo hiki kimepakana na cha maneno. Huenda ukapoteza usemi. Na ramani nayo inaweza kukosea."

Wasikilizaji, pimeni wenyewe. Ndege huamiwa kwa sauti. Asiye na sauti, juu ya dungu ni sanamu tu.

"Turudi nyumbani, dada," Bwanaheri akamwambia. "Nitakuvusha mie."

Siku mbili alizunguka wodini, akihesabu vitanda vya watu. Siku ya tatu akamwambia Faudhia: "Nipasueni kichwa. Kiuno kimechoka kamba."

Wakahamishia kifaa kwenye kituo kile. Sauti ilibaki. Kifafa hakikwisha siku ile ile, tusidanganyane. Kilikuwa mara tatu kwa wiki, kikawa mara moja kila baada ya miezi kadhaa, kisha kikapotea. Faudhia alimsihi angoje mwaka mzima bila kuanguka. Akangoja miezi minane, na Salale nzima haikuwahi kumwona Semeni akingoja kitu hata nusu saa.

Asubuhi moja, mpunga ukiwa umeiva, akashika kafi. Bwanaheri alisimama kwenye maji ya magoti.

"Nilihesabu kila pigo," alituambia. "Hakugeuka hata kuniaga."

Kisha sauti ikalia kutoka juu ya dungu. Ndege walihamia kijiji cha Mbwera siku hiyo hiyo, na watu wa Mbwera hawajatusamehe.

Misimu miwili alivuka peke yake. Kilichomchukua ni homa ya mapafu, kitandani kwake. Si maji. Si kifafa.

Bwanaheri, na ukoo wote wa Salale, poleni sana. Innalillahi wainna ilaihi rajiun. Nawe unayetusikiliza, uliye na mgonjwa ndani, yule anayekaa mlangoni akitikisa mguu: kabla hujamwambia atulie, muulize anataka kwenda wapi.